Hukuuziwa Nusu Mbwa

Hotuba kwa wanunuzi wa mbwa na wafugaji wanaoanza, Nairobi

Mabibi na mabwana, hamjambo. Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kunisikiliza.

Miezi mitatu iliyopita mzee mmoja alifika langoni kwangu, kule Tigoni. Nilimkaribisha chai, akakataa hata kuketi. Mkononi alikuwa na mkataba wa binti wa German Shepherd niliyemuuzia wiki chache kabla. Alikuwa ametia sahihi, lakini siku ile ndiyo aliyousoma vizuri kwa mara ya kwanza. Akaniambia, "Mama, mimi nimelipa bei kamili, nawe umeniuzia nusu mbwa. Nusu nyingine umebaki nayo."

Sikuwa na jibu fupi la kumpa pale langoni. Jibu lenyewe ndilo nililokuja nalo leo, na ni refu kidogo, mnivumilie.

Mkataba ule unasema jike ni wake. Amlishe anavyoona, ampe jina alitakalo, amfunze ulinzi, ampeleke kwenye maonyesho. Jambo moja tu limezuiwa: asimpandishe mpaka niliondoe sharti hilo kwa maandishi. Na mambo yatakayoliondoa yameandikwa hapo hapo. Kwanza, jike apigwe picha za eksirei za nyonga akishatimiza mwaka, na matokeo yawe mazuri. Pili, nimwone akiwa na miaka miwili, nijue tabia yake ya ukubwani. Tatu, dume atakayempanda awe anajulikana ukoo na afya. Yakitimia hayo, nafungua, na sidai hata senti.

Sharti hili sikulibuni mimi. Kennel Club ya Uingereza, chama cha kuandikisha mbwa wa nasaba kilichoanzishwa London mwaka 1873, humruhusu mfugaji anapoandikisha watoto wa mbwa kuweka vizuizi viwili kwenye kumbukumbu zao. Kimoja kinasema watoto watakaozaliwa na mbwa huyu hawataandikishwa. Kingine kinasema mbwa huyu hatapewa hati ya nasaba ya kumpeleka nchi ya nje. Ndiyo maana wenzetu hapa Kenya wanaotaka kuagiza mbwa kutoka Uingereza nawaambia waulize juu ya vizuizi hivyo kabla ya kutuma pesa. Anayeviondoa ni yule yule aliyeviweka. Lakini kuna jambo wafugaji hulisahau: mnunuzi lazima awe amejulishwa na ametia sahihi kabla ya mbwa kumfikia mkononi, au siku hiyo hiyo. Mfugaji aliyeficha, klabu inaweza kukiondoa kizuizi chake bila kumsubiri. Marekani nako, American Kennel Club ina uandikishaji wa namna hiyo: mbwa anaandikishwa, watoto wake hawaandikishwi, mpaka mfugaji abadilishe. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ndilo linalobeba kila kitu.

Wajerumani, ambao mbwa huyu ni wao, wamelipindua jambo lenyewe. Chama chao cha German Shepherd kilianzishwa mwaka 1899 na Max von Stephanitz, na mbwa wa kwanza kuandikwa katika daftari lake ni dume aitwaye Horand von Grafrath. Kwao mlango wa uzazi umefungwa tangu mwanzo kwa kila mbwa. Anaufungua mwenyewe kwa kufaulu: picha za nyonga, mtihani wa kazi, kukaguliwa umbo na waamuzi, na mbio za kilomita 20 kando ya baiskeli ya mwenyewe. Uingereza mlango uko wazi mpaka mfugaji aufunge. Mimi, mkiniuliza, naupenda utaratibu wa Kijerumani zaidi, kwa sababu haumwachii mtu mmoja kama mimi uamuzi wote. Lakini sisi tunafuga Kenya, hatuna utaratibu huo, kwa hiyo kazi inarudi kwa mfugaji na kalamu yake.

Nami nianze na makosa yangu mwenyewe.

Jike wangu wa kwanza mwenye cheti cha nasaba aliitwa Nuru. Mwaka 2005 alizaa watoto 8, nikauza 7. Siku zile niliamini kazi yangu huishia langoni: mtoto amechanjwa, amepewa dawa ya minyoo, mnunuzi amelipa, kwaheri. Sharti sikuandika. Nuru mwenyewe sikuwahi kumpiga picha za nyonga. Alikimbia vizuri shambani, nami nikajiambia kwamba mbwa anayekimbia vizuri ana nyonga nzuri. Hilo si kweli, na sikulijua mpaka miaka minne baadaye.

Alikuja mlinzi mmoja wa shule, kutoka upande wa Ruiru. Alikuwa amekodi pikapu kwa pesa yake, na nyuma ya pikapu amelala dume wa miezi 14. Mbwa mzuri wa uso, masikio yamesimama, macho yanamfuata kila mtu. Tulipomshusha alijaribu kunijia, akainua mwili wa mbele, na miguu ya nyuma ikapanuka kando, akaketi. Akajaribu tena. Akaketi tena. Mlinzi alikuwa amemnunua kwa akiba yake ili amsaidie zamu ya usiku. Alimnunua kwa mtu, aliyemnunua kwa mtu mwingine, na kwenye nakala ya cheti cha bibi yake mbwa yule pameandikwa jina la nyumba yangu. Bibi yake alikuwa binti wa Nuru. Yule mlinzi aliniambia kwa heshima kabisa, bila lawama, "Mama, nimeambiwa huyu ni wako." Alidhani nina dawa.

Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo. Katika nyonga nzima, kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo kama gololi, kimekaa ndani ya kikombe chake. Kwenye picha ya mbwa yule kichwa kilikuwa bapa, kikombe hakina kina, na mfupa ulikuwa umeanza kuota vinundu pembeni. Pande zote mbili. Daktari akatueleza kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa sindano ya kumpumzisha. Mlinzi alimshika kichwa mpaka mwisho. Mimi nilisimama ukutani.

Baada ya siku ile nilianza kuwatafuta watoto wa Nuru. Niligundua majike watatu walikuwa wamezalishwa, na kila mmoja mara tatu hivi. Kadirieni watoto saba kila uzao: tatu mara tatu mara saba, wajukuu 63 wa jike mmoja ambaye sikuwahi kumpiga picha. Wengi wao sikuwapata kamwe. Wako kwenye nyua za watu, wengine labda wazima kabisa, na wengine najua wanaburura miguu.

Sasa tuingie kwenye kiini. Mtoto wa mbwa anaondoka kwa mama yake akiwa na wiki 8. Katika wiki 8 ninaweza kuwaambia nini juu yake? Naweza kusikiliza moyo wake, kutazama meno, kuona kama kitovu kimefunga. Kwa dume naweza kupapasa korodani kama zimeshuka, ingawa hata hilo wakati mwingine lataka muda, na dume ambaye korodani yake moja haikushuka hafai kuzalisha kwa sababu kasoro hiyo hurithiwa. Basi. Nyonga siwezi kuziona. Mpango wa kupima nyonga wa Uingereza haupokei picha ya mbwa aliye chini ya mwaka mmoja. Kila nyonga hupewa alama kuanzia 0 mpaka 53, pande mbili jumla 106, na alama ndogo ndiyo nzuri. Kwa hiyo kati ya siku ninayokuuzia mtoto na siku tutakayojua ana nyonga gani kuna miezi 10 na zaidi. Na jike huweza kuingia joto la kwanza akiwa na miezi 6 tu! Dume wa jirani akiruka ua, mimba huchukua siku 63 hivi, na jike anazaa kabla hajafika umri wa kupimwa. Sharti la uzazi ni la kuulinda muda huo.

Tabia nayo huchelewa. German Shepherd wa miezi sita akibweka kila kitu watu husema ana ukali mzuri. Akifika miaka miwili ndipo inabainika kama ule ulikuwa ujasiri au woga. Mbwa mwoga mwenye meno ni hatari kwa watoto wa nyumba, na woga hurithiwa. Hapo sina kipimo cha mashine, lazima niende nimwone.

(Ndugu aliyeuliza mlangoni kama nyonga ni suala la ukoo tu: la. Mtoto aliyenoneshwa upesi, aliyerundikiwa chakula ili awe mkubwa kabla ya wakati, huumiza viungo vyake hata kama wazazi walikuwa wazima. Msiwanoneshe. Mbavu zipapaseke.)

Kuna kasoro nyingine hazionekani kabisa kwa anayezibeba. Nitatoa mfano wa mbwa wetu wenyewe. Alikuwapo dume wa Kijerumani, Canto von der Wienerau, aliyezaliwa mwaka 1968. Alikuwa mzuri mno, akapandishwa majike wengi, na hadi leo jina lake liko nyuma kabisa katika vyeti vya mbwa wengi wa aina hii. Alikuwa na ugonjwa wa damu kutoganda. Ugonjwa huo hupita kwa akina mama. Dume mwenye nao akizaa, mabinti zake wote wanaubeba na wote wanaonekana wazima. Kila mmoja wao akizaa, kwa wastani nusu ya wanawe wa kiume watavuja damu. Meno ya utotoni yaking'oka, damu haikomi. Akihasiwa, anaweza kufia mezani. Na mwenye yule binti hana dalili yoyote ya kumwonya. Leo kuna kipimo cha damu kwa madume, na dume asiyepimwa mimi simpeleki kwa jike wangu hata awe na vikombe vingapi vya maonyesho.

Mwaka 2008 televisheni ya BBC ilionyesha hali ya mbwa wa nasaba Uingereza, jinsi walivyozalishwa ndugu kwa ndugu na kuteuliwa kwa sura mpaka wengine hawawezi kupumua. Watu walikasirika, na BBC yenyewe ikaacha kurusha maonyesho makubwa ya Crufts. Mwaka uliofuata Kennel Club ikakataa kuandikisha watoto wa baba na binti, mama na mwana, au kaka na dada. Baadaye ikapunguza uzao: jike aliyekwisha kuzaa mara nne hawaandikishi tena. Hayo ni mazuri, lakini yalikuja baada ya aibu. Mfugaji mwenye sharti kwenye mkataba wake hakuhitaji kungoja televisheni.

Nakaa kidogo upande wa pili sasa, kwa sababu kuna wafugaji humu ndani wanaotikisa kichwa kwa furaha kupita kiasi.

Kufunga kila mlango nako kunaua. Mnamjua basenji, mbwa mdogo asiyebweka, mkia umejikunja? Ni wa Kongo, na jina lake ni ndugu wa neno letu washenzi, yaani watu wa porini. Wazungu walimchukua, na mwaka 1937 akaonyeshwa Crufts akawa gumzo. Lakini waliochukuliwa na kuzaa walikuwa wachache sana, na mabasenji wa Ulaya na Marekani wote wakatokana na hao wachache. Kukatokea ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa damu. Kipimo kikapatikana, na katika miaka ya 1970 wafugaji wa Marekani wakafanya kilichoonekana kuwa haki: kila mbwa aliyebeba kasoro hiyo, hata kama mwenyewe si mgonjwa, akatolewa kwenye uzazi. Ugonjwa ule ukapungua. Lakini pamoja na wale mbwa zilitupwa damu nyingi njema, ukoo ukazidi kuwa mwembamba, na ugonjwa mwingine ukajitokeza kwa nguvu, wa figo, unaoitwa Fanconi. Huu ni mbaya zaidi kwa mfugaji kwa sababu kwa kawaida huonekana mbwa akiwa na miaka minne na kuendelea, wakati tayari ana watoto na wajukuu.

Walifanya nini? Walirudi alikotoka. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi kaskazini mashariki mwa Zaire, Kongo ya leo, kwenye nchi ya Wazande, wakachukua mbwa wa vijijini, mbwa wa wawindaji, wasio na cheti chochote. Na mwaka 1990 American Kennel Club ikafungua daftari lake la ukoo ili mbwa hao waingie. Wanavijiji wa Kongo, bila karatasi, walikuwa wamehifadhi kitu ambacho wenye karatasi walikipoteza. Hadithi hiyo nikiikumbuka huwa nanyamaza kidogo.

Kwa hiyo, wafugaji wenzangu, mbwa anayebeba kasoro bila kuugua anaweza kuzalishwa na mwenzake aliye msafi kabisa, watoto wakapimwa, na damu yake njema ikaokolewa. Sharti la uzazi liwe la kusubiri na kuchunguza. Mkiwafungia watoto wote wa kila uzao maisha yao yote, mkabakiza majike wawili tu nyumbani kwenu, mtakuwa mnarudia yale yale ya basenji hapa Nairobi, mahali ambapo mbwa wa nasaba wenyewe ni wachache.

Na kuna jambo baya kuliko hilo. Mwaka 2012 nilinunua jike kutoka kwa mfugaji ambaye simtaji. Alikuwa na sharti, nikalikubali. Nikafanya kila nilichoambiwa, picha, damu, kila kitu, na matokeo yakawa mazuri. Nilipoomba sharti liondolewe niliambiwa nilipe tena kiasi kile kile nilichonunulia, na nitoe watoto wawili wa uzao wa kwanza. Hayo hayakuwa yameandikwa popote. Jike yule alizeeka kwangu bila kuzaa. Mfugaji wa namna hiyo ndiye anayemfanya mzee wa watu aje langoni kwangu kuniambia nimebaki na nusu ya mbwa wake, na siwezi kumlaumu mzee.

Basi mimi nafanya hivi. Sharti nalisema kwa simu kabla mtu hajaja kuona watoto, tena nalisema anapomchagua, na siku ya kuchukua tunasoma mkataba pamoja kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Kwa yule mzee niliharakisha, mvua ilikuwa imeanza, nikamwacha atie sahihi bila kusoma. Kosa hilo ni langu. Yanayofungua sharti yameandikwa, na majibu yangu yana kikomo: nikiletewa matokeo mazuri nisipojibu ndani ya siku 30, sharti limeondoka lenyewe. Nikifa, binti yangu ana orodha na idhini ya kufungua. Hilo la mwisho wengi hawalifikirii, na mbwa huishi miaka 10 na zaidi.

Wengine huniuliza, kwa nini nisiwahasi tu watoto wote kabla ya kuwauza? Kwa mbwa mkubwa wa aina hii ni hatari kwa viungo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha mwaka 2016 kwamba German Shepherd waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walipata magonjwa ya viungo zaidi sana kuliko wasiohasiwa. Sitamvunja mtoto viungo ili nilinde viungo vya wajukuu. Akikua, akipimwa, ikaonekana hafai kuzaa, hapo tutazungumza juu ya kumhasi, na daktari atatuambia wakati.

Ukweli wa mwisho ambao lazima niuseme kwenu wanunuzi. Karatasi haimzuii mbwa kupandwa. Tuna East Africa Kennel Club hapa Nairobi ya kuandikisha mbwa wa nasaba, lakini wengi wanaonunua mbwa wa polisi, kama mnavyomwita, wanataka mlinzi wa boma, cheti hawakiulizi. Watoto wanauzwa kando ya barabara, kwenye foleni ya magari, wameshikwa mkononi kama maua. Mtu asiyejali cheti, kizuizi cha cheti hakimuumi. Kinachobaki ni mimi na wewe kujuana. Ndiyo maana napiga simu kila baada ya miezi mitatu, hata mkinichoka. Ndiyo maana sehemu ya bei narudisha siku unaponiletea picha za nyonga, ziwe nzuri au mbaya. Mbaya nazihitaji zaidi, kwa sababu zinaniambia jambo juu ya mama yake, ambaye bado niko naye.

Yule mzee, mwishowe, aliketi. Chai ilikuwa imepoa, tukachemsha nyingine. Nilimletea picha za nyonga za mama wa jike wake na za baba, nikamwonyesha gololi na kikombe. Halafu nikamtolea ile nyingine, ya mbwa wa Ruiru, ambayo naihifadhi katika bahasha ile ile. Aliitazama muda mrefu. Akauliza yule mlinzi alipata mbwa mwingine? Nikamwambia ndiyo, nilimpa mmoja, yuko naye mpaka leo, amezeeka mdomo mweupe.

Jike wa yule mzee anatimiza mwaka mwezi wa Mei, na tumekwisha panga siku ya kwenda kwa daktari, sote wawili. Barua ya kumwondolea sharti nimeiandika tayari. Iko ndani ya mkataba wake, ina sahihi yangu, nimeacha nafasi ya tarehe.